VPN kwenye simu ya biashara: kabla hujaiwasha, jua unamkabidhi nani duka lako

Swali linaloingia inboksi kuliko yote siku hizi ni moja: "Admin nipe VPN nzuri, iwe ya bure." Leo tulijibu kwa kirefu, maana ukitupiwa jina la programu tu hujasaidiwa. Simu unayotaka kuiwekea hiyo VPN ndiyo duka lako. Humo mna WhatsApp ya wateja, mna ukurasa wa Instagram uliouhangaikia miaka, mna programu ya benki, na mna picha za vitambulisho vya watu waliokutumia ili wakatolewe mzigo bandarini. Hapo ukikosea si sawa na kununua chaja feki.

Kwa nini kila mtu anayo, hilo tunalijua. Oktoba 2020, siku za uchaguzi, mitandao ya kijamii ilibanwa nchi nzima na wengi ndipo walipolisikia neno VPN mara ya kwanza. Mei 2025 ikafungwa X. Halafu tarehe 29 Oktoba 2025 mambo yakawa makubwa zaidi, intaneti yenyewe ikakatwa kwa siku kadhaa. Wapo waliokaa wakiwasha VPN na kuizima, wanawasha wanazima, wakaona VPN zao mbovu wakapakua nyingine mara mtandao uliporudi. Hazikuwa mbovu. VPN inapita juu ya intaneti. Intaneti ikikatwa, hakuna VPN duniani, ya bure wala ya kulipia, itakayokuunganisha. Kwa hiyo ukiletewa tangazo la VPN "inayofanya kazi bila mtandao", huyo ana lake jambo, na jambo lenyewe ni pesa zako.

INAFANYA NINI HASA?

Tuchukue mzigo wa kawaida. Unatuma madera matano kwa boti kutoka Mkoani kwenda kwa mteja Unguja. Zamani intaneti ilikuwa kama kutuma madera kwenye mfuko wa nailoni unaoonesha, kila mkono unaopita unaona rangi na idadi. Siku hizi sivyo tena kwa sehemu kubwa. Tovuti na programu nyingi zinafunga mzigo kwenye boksi: ukiona "https" mwanzoni mwa anwani ya tovuti, boksi limefungwa. WhatsApp nayo tangu Aprili 2016 inafunga meseji kutoka simu hadi simu. Kwa hiyo mtandao wako wa simu, uwe Yas (ile Zantel yetu ya zamani), Airtel, Vodacom au Halotel, unaona boksi linakwenda wapi, lakini kilichomo ndani haukioni.

VPN inachofanya ni kulichukua boksi lako pamoja na anwani yake, kulitia ndani ya gunia, na kulishona mdomo. Juu ya gunia panaandikwa anwani moja tu, ya jamaa fulani aliyeko mji mwingine. Gunia likifika kwake analifungua, anasoma boksi linakwenda kwa nani, analipeleka kwa jina lake yeye.

Faida ni mbili. Mtandao wa simu hauoni tena unatembelea tovuti gani, unaona magunia tu yanakwenda kwa jamaa. Na tovuti uliyoitembelea haioni kwamba umetokea Pemba, inaona anwani ya jamaa. Lakini tulia kidogo uliangalie jambo la tatu ambalo matangazo hayalisemi: jamaa mwenyewe sasa anaona yote yale yaliyokuwa yakionekana na mtandao wa simu. Macho hayakuondoka, yamehama. Yametoka kwa kampuni yenye leseni, yenye ofisi unayoijua na inayoweza kushtakiwa hapa hapa, yakaenda kwa mtu ambaye pengine hata jina lake hulijui. Ukilishika hili, umeshamaliza nusu ya kazi ya kuipima VPN yoyote.

Na kuna mengi haifanyi kabisa. Angalia wizi unaotupata sisi wauzaji: meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", meseji feki ya muamala mteja anayokuonesha ili umpe mzigo, mtu anayejifanya mteja kisha anakuomba namba sita za WhatsApp "zimekuja kwako kwa bahati mbaya", laini kusajiliwa upya kwa jina lako na mtu mwingine, kiungo cha "umeshinda zawadi". VPN haizuii hata kimoja katika hivyo. Ukimpa mwizi namba sita za WhatsApp, akaunti imekwenda, gunia lako limeshonwa vizuri kabisa. Kinga ya hapo ni kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili ndani ya WhatsApp, na kusubiri salio libadilike kwako kabla hujatoa mzigo, basi.

Vile vile menyu za *150*00# na wenzake hazipiti kwenye intaneti. Ukilipwa au ukilipa kwa kubonyeza nyota na reli, VPN haina habari na wewe.

Sasa inasaidia wapi? Inasaidia unapotumia waifai usiyoijua mwenyewe wake, hotelini, bandarini, mgahawani, au kwenye ofisi ya mtu. Inasaidia kama hutaki kampuni ya simu ijue unaperuzi nini. Na wenzetu wa Uganda wameishi nayo kwa sababu nyingine. Julai 2018 serikali yao iliweka kodi ya shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, watu wakakimbilia VPN. Januari 2021 Facebook ikafungwa kule, na wafanyabiashara wengi wakaendelea kuuza kupitia VPN. Kodi ile ilikuja kuondolewa Julai 2021 ikawekwa ya asilimia 12 kwenye bando lenyewe, ambayo hakuna VPN ya kuikwepa.

KWETU KUNA SHERIA, USIIRUKE SEHEMU HII

Wengi wanadhani hili ni uvumi. Si uvumi. Tarehe 13 Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo kwa umma kwamba mtu au kampuni ambayo shughuli zake zinahitaji VPN itoe taarifa ya VPN hiyo kwao, pamoja na anwani ya IP inayotumika, na ikaweka mwisho kuwa 30 Oktoba 2023. Msingi wake ni Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2020. Adhabu iliyotajwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Na usiseme "sisi Zanzibar hayatuhusu". Posta na simu ni mambo ya Muungano, na TCRA inafanya kazi huku pia.

Milioni 5 ni mtaji wa watu wangapi hapa? Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya lile la spidi ni hili: je, biashara yako kweli inahitaji VPN? Kama unauza kwa WhatsApp na stetasi, unalipwa kwa pesa za simu, na mtandao wako ni laini yako mwenyewe, ukweli ni kwamba unaweza kuishi bila hiyo. Kama inahitaji, mfano unaingia kwenye mfumo wa msambazaji wako wa nje au unafanya kazi ukiwa safarini kwenye waifai za watu, basi isajili. Ulizia TCRA utaratibu ulivyo sasa, fomu wanayo kwenye tovuti yao. Sisi si wanasheria na ukurasa huu hautamfundisha mtu kukwepa, tunachokwambia ni hesabu ilivyo.

Wale mnaokwenda Dubai kuchukua mzigo, jueni na kule. Simu za sauti za WhatsApp zimezuiwa, ndiyo maana kila mtu anakwambia uweke VPN ukishuka tu uwanja wa ndege. Sheria yao ya makosa ya mtandao ya 2021 ina faini ya kati ya dirhamu 500,000 na milioni 2 kwa anayetumia anwani ya IP ya bandia ili kutenda kosa au kulificha lisigundulike. Muulize mwenyeji wako programu gani za simu zinaruhusiwa, utumie hizo.

NANI MWENYE GUNIA?

Haya, umeamua unaihitaji. Sasa tupime. Watu wengi wanaanza na spidi, sisi tunasema anza na mmiliki.

Kisa cha kwanza kila muuzaji akijue, kwa sababu kinaihusu kampuni tunayouzia kila siku. Mwaka 2013 Facebook ilinunua kampuni ya Kiisraeli inaitwa Onavo, yenye programu ya VPN ya bure iliyojitangaza kulinda taarifa za mtumiaji. Watu wakapakua. Kumbe kupitia njia ile ile Facebook ilikuwa inaona watu wanatumia programu gani nyingine, na kwa muda gani, ikawajua wapinzani wake wanavyokua. Apple iliilazimisha itoke kwenye duka lake Agosti 2018, na 2019 ikafungwa. Julai 2023 mahakama ya Australia ikazitoza kampuni mbili za Meta jumla ya dola milioni 20 za Australia, kwa kuwa watumiaji hawakuelezwa wazi taarifa zao zinakwenda wapi. Hiyo ni kampuni kubwa yenye mawakili na anwani. Je, ile VPN yako yenye picha ya sungura, isiyo na jina la kampuni wala nchi?

Kisa cha pili kinahusu maneno "hatuhifadhi kumbukumbu zako". Karibu kila VPN inayaandika. UFO VPN ya Hong Kong nayo iliyaandika. Julai 2020 watafiti wa Comparitech wakakuta ghala la taarifa zake liko wazi mtandaoni bila hata neno la siri, ukubwa wake GB 894, na ndani yake mna maneno ya siri ya watumiaji, anwani zao za IP na saa walizounganishwa. Kumbukumbu wanazosema hawana, ndizo hizo.

Hola nayo mwaka 2015 ilibainika kuwa wanaoitumia bure walikuwa wanageuzwa wao wenyewe kuwa njia: watu wengine walipita kwenye intaneti ya simu na kompyuta zao, na huduma hiyo ikauzwa kwa jina la Luminati. Hebu fikiria mtu usiyemjua anafanya mambo yake mtandaoni, na anwani inayoonekana ni yako wewe wa Machomanne.

Sasa utajuaje iliyo nzuri? Ahadi peke yake haikusaidii, tafuta mahali ambapo ahadi ilijaribiwa. Mfano ni Mullvad ya Sweden. Aprili 2023 polisi walikwenda ofisini kwao Gothenburg na hati ya upekuzi wakitaka taarifa za wateja, wakaondoka mikono mitupu kwa sababu hazikuwapo. Hawa hata barua pepe hawakuombi, unapewa namba tu, na bei yao ni euro 5 kwa mwezi tangu 2009. Mfano mwingine ni Proton VPN ya Uswisi: programu zake ziko wazi kwa yeyote kuzikagua, wakaguzi wa nje wamekuwa wakialikwa kuhakiki dai la kutohifadhi kumbukumbu, na ina huduma ya bure isiyo na kikomo cha data, ingawa ya bure hukupi uhuru wa kuchagua nchi kama ya kulipia. Hatulipwi na yeyote kati yao. Tumewataja ili uone ushahidi unafananaje, na wewe unapoangalia nyingine uulize hayo hayo: kampuni gani, nchi gani, nani amewakagua na lini, wameshawahi kubanwa na mahakama au polisi ikawaje.

Na jihadhari na zile makala za "VPN 10 bora". Kampuni inayoitwa Kape inamiliki CyberGhost, Private Internet Access na ExpressVPN, hiyo ya mwisho ikiinunua 2021. Mwaka huo huo wa 2021 ilinunua pia kampuni yenye tovuti za vpnMentor na Wizcase, ambazo kazi yake ni kukwambia VPN ipi nzuri. Yaani muuza samaki ndiye pia anayeandika bango la samaki gani wabichi leo. Tovuti nyingine nyingi zinapata kamisheni kila ukibonyeza ukanunua. Haina maana wote wanadanganya, ila wewe ni mfanyabiashara, kamisheni unaijua inavyomfanya mtu asifu.

USALAMA WA PROGRAMU YENYEWE

Kuna utafiti wa 2016 tunaupenda kuutaja japo ni wa zamani kidogo. Watafiti wa CSIRO ya Australia na wenzao walizichambua programu 283 za VPN za Android. Asilimia 38 zilikuwa na dalili za virusi. Asilimia 18 hazikufunga mzigo kabisa, yaani gunia halina mshono. Asilimia 84 zilivujisha sehemu ya mawasiliano, na asilimia 82 ziliomba ruhusa za kufikia vitu nyeti kwenye simu. Zilikuwa na nyota nzuri tu dukani, na watu wamezisifia.

Kwa hiyo ukishapakua, kabla hujabonyeza kukubali, soma inaomba nini. VPN inahitaji ruhusa moja tu kubwa, ya kuunda njia ya VPN. Ikikuomba meseji, majina ya simu, picha au maikrofoni, iondoe. Meseji ndimo zinamoingia namba za siri za benki na za WhatsApp. Ikikuomba uweke "cheti" kwenye simu, hapo ndiyo ikimbie kabisa, maana cheti kinaweza kumpa mwenye gunia uwezo wa kufungua hadi maboksi ya ndani.

Pakua kwenye Play Store au App Store tu. Kwenye Play Store tangu Januari 2025 kuna alama ya kuthibitishwa kwa baadhi ya VPN zilizopita ukaguzi wa usalama wa nje, ni dalili nzuri ingawa haikwambii kila kitu. Zile faili zinazozungushwa kwenye magrupu, "VPN ya kulipia imefunguliwa bure", au faili za "intaneti ya bure", achana nazo. Aliyekutengenezea faili ile ndiye mwenye seva, na hakufanya hivyo kwa kukupenda. Na ile ya intaneti ya bure ni kuiibia kampuni ya simu pia, tuliseme lilivyo.

Ndani ya mipangilio tafuta inatumia njia gani ya kufungia mzigo. WireGuard, OpenVPN au IKEv2 ziko sawa. Ukiona PPTP, hiyo ni ya miaka ya 1990 na mshono wake ulishafumuka siku nyingi.

Halafu fanya jaribio hili la dakika mbili. VPN ikiwa imezimwa, fungua ipleak.net uangalie: utaona anwani yako na jina la mtandao wako wa simu. Washa VPN, fungua tena. Kama jina la mtandao wako wa simu bado linaonekana popote pale kwenye ukurasa ule, VPN inavuja. Tatizo mara nyingi liko kwenye DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba, maswali yake yanapita nje ya gunia.

Jaribio la pili: mtandao wetu unakatika katika, wenyewe tunajua, hasa ukiwa barabarani. VPN ikikatika ghafla simu inarudi kwenye njia ya kawaida bila kukwambia. Android kuanzia toleo la 8 ina sehemu kwenye mipangilio ya VPN ya kuiamuru simu izuie kila kitu mpaka VPN irudi. Iwashe ukiwa kwenye waifai ya watu. Ukiwa nyumbani na laini yako inaweza kukukera, utadhani bando limekwisha.

SPIDI NA BANDO

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapotoka, na mengi si kosa la VPN.

Ishara kwenye waya wa mkongo wa baharini inakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Ni kasi, lakini umbali haufutiki. Seva ikiwa umbali wa kilomita 10,000 za waya, kwenda peke yake ni milisekunde 50, kwenda na kurudi 100, kabla hujaongeza foleni za njiani. Kwa hiyo mtu wa Wete anayechagua seva ya Marekani ili afungue ukurasa ambao ungemjia kutoka karibu, anaupeleka mzigo Marekani kisha anaurudisha. Chagua seva iliyo karibu, Kenya au Afrika Kusini kama ipo. Na angalia, baadhi ya kampuni zinaandika jina la nchi ya karibu lakini mashine yenyewe iko Ulaya. Ping itakwambia: "Kenya" inayojibu kwa milisekunde 180 haiko Kenya.

Pima hivi: tumia fast.com au Speedtest, mara tatu bila VPN na mara tatu ukiwa nayo, asubuhi na tena baada ya Isha mtandao unapojaa. Usipime mara ishirini, kila kipimo kinakula data. Wengi wanaangalia namba ya kushusha tu kwa sababu ndiyo kubwa na inapendeza. Wewe muuzaji angalia kupandisha. Unaporusha video ya mzigo mpya, unapokuwa laivu, unapotuma picha 30 kwa mteja wa jumla, unapandisha. VPN inayoshusha vizuri na kupandisha kwa kusuasua haikufai. VPN yenye afya itakupunguzia kiasi lakini si nusu. Ikikupunguzia nusu ukiwa na seva ya karibu, badilisha seva, kisha njia, kisha VPN yenyewe.

Kama mtandao wote uko taabani, VPN haitauponya. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini, nchi nzima ilisota. Gunia haliendi haraka kuliko boti.

Na bando sasa, hapa wauzaji wanaumia bila kujua. Kama unanunua lile bando la bei rahisi la WhatsApp au la mitandao ya kijamii, ujue kampuni ya simu inalitambua kwa kuona boksi linakwenda WhatsApp. Ukiwasha VPN haioni tena WhatsApp, inaona gunia. Matokeo yake inakukata kwenye bando la kawaida, au kwenye salio kama bando la kawaida huna. Mtu ananunua bando la WhatsApp la wiki, anawasha VPN, bando halipungui ila salio linayeyuka, anakwenda kugombana na wakala. Tena gunia lenyewe lina uzito wake: WireGuard inaongeza baiti 60 hivi kwenye kila pakiti ya baiti 1,500, ambayo ni kama asilimia 4, na njia nyingine zinaongeza zaidi. Kwa anayehesabu MB, weka hilo kwenye bei.

AKAUNTI YAKO YA BIASHARA

Hili ndilo tunaliogopa kuliko faini. Asubuhi umeingia Instagram kutoka Pemba, saa nne VPN imekuweka Uholanzi, mchana Singapore. Mashine za Meta zinaiona hali hiyo kama akaunti iliyoibiwa na zinaweza kuifunga mpaka uthibitishe. Ukiwa unalipia matangazo ni hatari zaidi, maana kadi ya Tanzania, akaunti ya Tanzania, na mtu anaonekana yuko nchi tatu kwa siku moja. Programu za benki nazo baadhi zinakataa kufunguka ukiwa na anwani ya nje. Kwa hiyo kama lazima uitumie, chagua nchi moja ukae nayo, usiiache ijichagulie. VPN nyingi zina sehemu ya kuzitoa baadhi ya programu nje ya gunia, itoe benki na uitoe Meta. Na hakikisha namba ya simu na barua pepe iliyosajiliwa kwenye ukurasa wako ni ile unayoishika leo, si ya laini iliyokufa 2021.

Kuhusu malipo kwa ufupi: bei zinazovutia ni za kulipia miaka miwili au mitatu kwa mkupuo. Usilipe hivyo mara ya kwanza. Lipa mwezi mmoja, ipime kwa mtandao wa huku kwetu, ndipo uamue. Nyingi zinajirudia kukata zenyewe muda ukiisha, tena kwa bei kubwa kuliko ya mwanzo, kwa hiyo zima kujirudia siku ile ile unayolipa. Ukitumia kadi ya mtandaoni ya pesa za simu, weka kiasi kile kile cha kulipia, kisizidi.

Na kwa wenye VPN tatu nne zilizolala kwenye simu tangu Oktoba: zifungue moja moja, angalia ruhusa ulizozipa, kisha futa usizozitumia. Ukishafuta ingia kwenye mipangilio ya simu sehemu ya VPN uone kama jina lake limebaki pale, na sehemu ya vyeti uone kama kuna cheti kilichoingia nacho. Ukikikuta, kitoe, halafu badilisha neno la siri la Instagram na la barua pepe yako kabla hujaendelea kupokea oda.